Mpini Mweupe

Tuseme, msomaji, kwamba mtu amekutia mkononi wembe wa zamani, ule wa kukunja, ambao chuma chake hulala ndani ya mpini kama ulimi ulalavyo kinywani. Chuma kimepigwa chapa ya Sheffield, mji wa Uingereza uliosifika kwa visu na nyembe. Au kimepigwa chapa ya Solingen, mji wa Ujerumani ulioshindana nao. Mpini ni vibao viwili vyembamba, vyeupe, vilivyogeuka manjano kidogo kama jino la mzee. Aliyekupa asema, "Huu ni mpini wa pembe ya ndovu." Je, utajuaje kama asema kweli? Na ukiisha kujua, utafanya nini na ujuzi wako? Maswali haya mawili yaonekana kuwa ndugu, lakini la kwanza ni la macho na la pili ni la moyo. Watu wengi hulijibu la kwanza wakadhani kazi imekwisha. Mimi nalikuwa mmoja wao, na hapo mbele nitakueleza jinsi nilivyotahayari.

Tuanze na macho, maana ndiyo mepesi zaidi.

Pembe ya ndovu ni jino. Humea polepole, tabaka baada ya tabaka, maisha yote ya mnyama, na kukua huko huacha alama ndani yake. Ukiikata kwa upana, kama ukatavyo muhogo, utaona mistari iliyopinda ikipishana na mistari mingine iliyopinda upande wa pili, hata pakafanyika vijumba vidogo kama vya wavu. Mistari hiyo huitwa kwa jina la Schreger, Mjerumani aliyeieleza mwaka 1800. Karibu na ganda la nje mistari ya ndovu hukutana kwa pembe pana, aghalabu kupita digrii 115. (Lugha yetu hapa yatufanyia mzaha, kwa kuwa pembe ya mnyama na pembe ya hesabu ni neno moja.) Mistari ya mamothi, ndovu wa kale mwenye manyoya aliyekwisha kutoweka, ambaye meno yake huchimbwa katika ardhi ya barafu ya Siberia, hukutana kwa pembe nyembamba, chini ya digrii 90.

Walakini mpini wa wembe hupasuliwa kwa urefu wa pembe, wala si kwa upana. Kwa hiyo usiutafute wavu ule juu ya uso wa kibao. Utafute kwenye ncha, mahali fundi alipokata, na uwe na kioo cha kukuzia. Juu ya uso utaona jambo jingine: mistari membamba sana itembeayo kama maji ya bahari wakati wa upepo mdogo, mingine imekaribiana, mingine imeachana, mingine yafifia pasipo sababu. Kibao cha kulia hakifanani kabisa na kibao cha kushoto. Mfupa hauna mistari hiyo. Mfupa una vitundu na mikwaruzo midogo myeusi, kwa kuwa damu ilipita humo mnyama alipokuwa hai, na baada yake umepita uchafu wa miaka mingi. Iko pia kokwa ngumu ya mti mmoja wa jamii ya mnazi, uotao Amerika ya Kusini, ambayo hufanana sana na pembe. Lakini kokwa hiyo ni ndogo, yafaa kwa vifungo vya nguo, na mpini wa wembe hautoki humo.

Mwigaji mkubwa ni seluloidi. Katika karne ya kumi na tisa watu wa Ulaya na Marekani walitaka pembe kuliko zilivyoweza kupatikana: vitana, vibao vya kinanda, mipini, na mipira ya mchezo wa biliadi. Wavumbuzi wakaanza kutafuta badala yake. Mwaka 1870 Mmarekani John Wesley Hyatt na ndugu yake Isaiah walipata hati ya serikali ya kulinda uvumbuzi wao. Walichukua pamba iliyokwisha kulowekwa katika tindikali ya nitriki, wakaichanganya na kafuri, wakaishindilia kwa joto na nguvu, wakapata kitu kigumu kiwezacho kutiwa rangi yoyote na umbo lolote. Waliokuja baadaye walibandika tabaka nyeupe na tabaka za manjano pamoja, wakazipasua, wakapata mistari kama ya pembe. Mistari hiyo ndiyo humfichua mwigaji. Imenyoka mno! Huanza mwisho mmoja wa mpini na kufika mwisho wa pili kwa upana ule ule, na kibao cha kulia na cha kushoto vyafanana kama pacha. Kitu kilichokua polepole hakinyoki hivyo.

Tena usugue mpini kwa kidole gumba mpaka upate moto, uunuse. Aliyezaliwa pwani hataikosa harufu hiyo, kwa sababu ni harufu ya kafuri, ile tuwatiayo maiti wetu wanapooshwa. Ukiwa na taa ya mionzi ya urujuanimno, kama itumiwayo kukagulia noti za fedha, uiwashe gizani: pembe ya kweli hung'aa weupe wa samawati, na seluloidi kwa kawaida haing'ai hivyo. Wako watu wachomao mpini kwa sindano ya moto ili waone kama utayeyuka. Usifanye hivyo hata kidogo. Seluloidi hushika moto upesi ajabu na yaweza kukuunguza. Na kama mpini ni wa pembe, utakuwa umeutia jeraha ili kuuliza jina lake.

Imebaki aina moja ya uigaji, nayo ndiyo ngumu kuliko zote. Ni ule unga uangukao fundi akatapo pembe, uliokusanywa, ukachanganywa na gundi, ukakandamizwa katika kalibu. Ndani yake imo pembe ya kweli. Mistari tu ndiyo haimo, kwa kuwa kukua kumevunjwavunjwa. Muuzaji wa kitu hicho aweza kukuapia kwamba kina pembe, asiape uongo, nawe ukaondoka umedanganywa. Uikumbuke aina hii, msomaji, maana nitairudia.

Sasa tuulize: mpini wa seluloidi, je, ni mwongo? Mimi naona sivyo. Kitu hakina ulimi. Mafundi wengi waliouza mipini hiyo waliiuza kwa jina lake na kwa bei yake, na mtu asiyeweza kununua pembe akapata wembe mzuri wa kutazamika. Mwenye meno ya bandia hatumwiti mwongo, wala bibi arusi aliyevaa maua ya karatasi. Uongo huanza pale kinywa kinapoongeza neno. Wembe ule ule, juu ya meza ile ile, wakati mmoja hauna hatia, na baada ya mtu kusema "pembe" umekuwa chombo cha wizi. Na hapana kilichobadilika katika wembe.

Na pembe ya kweli, je, kwa kuwa ni ya kweli, ni njema? Hapa yatupasa kwenda taratibu. Katika karne ile ya kumi na tisa sehemu kubwa ya pembe za dunia zilipita pwani yetu. Wamarekani walifanya mapatano ya biashara na Seyyid Said mwaka 1833, wakaleta nguo za pamba, ambazo mpaka leo twaziita merikani, wakachukua pembe. Katika jimbo la Connecticut uko mji uitwao Ivoryton, yaani mji wa pembe, uliokua kwa kupasua meno ya ndovu wa nchi hizi. Pembe zilitoka bara juu ya mabega ya watu. Wengine walikuwa wapagazi wa kuajiriwa, kama Wanyamwezi waliosifika kwa kazi hiyo. Wengine walikuwa watumwa. Zilifika Bagamoyo, Mombasa na Unguja zikapimwa kwa frasila, na frasila moja ni karibu ratili 35. Aliyeibeba hakupimwa. (Yanishangaza kila nikumbukapo kwamba pamba ndiyo iliyonunua pembe ya kweli, na pamba ndiyo iliyotengeneza pembe ya uongo.)

Kwa hiyo ukiupindua mpini wa pembe halisi, ukauchungua kwa kioo, utaona mistari ya kukua kwa ndovu. Lakini hutaona bega la mtu yeyote. Kitu chaweza kuwa kweli tupu kwa asili yake, na bado kikaficha habari kubwa kuliko iliyofichwa na mwigo wake. Katika Nairobi, mwaka 1989, Rais Daniel arap Moi alizichoma moto tani 12 za pembe mbele ya macho ya dunia. Na mwaka 2016 Rais Uhuru Kenyatta alizichoma tani 105. Hapana aliyesema kwamba zilichomwa kwa kuwa ni bandia. Sheria ya Kenya ya mwaka 2013 yamkataza mtu kumiliki pembe pasipo kibali. Basi mtu aweza kukuta kwamba afadhali kwake mpini wake uwe wa uongo, na asijue la kufanya na furaha hiyo, maana baba yake alijivunia kinyume chake.

Hapo ndipo nilipokutana na swali la pili, lile la moyo.

Katika mtaa niliokaa nilipokuwa nikifundisha Mombasa, alikuwako mzee mmoja aliyekuwa kinyozi, mwana wa kinyozi. Kazi alikwisha kuiacha. Wembe wa baba yake aliuhifadhi, umefungwa kwa kitambaa cheupe. Baba yake aliununua kwa baharia, na baharia alimwambia kwamba mpini ni wa pembe. Kwa miaka mingi nyumba nzima ilisema hivyo: wembe wa pembe. Siku moja mzee alisikia redioni habari za watu waliokamatwa na pembe, akaniita. Nilipomwamkia shikamoo aliitikia upesi kuliko desturi yake, akafunua kitambaa, akasema, "Mwalimu, wewe una kioo cha kukuzia. Huu wangu ni pembe au si pembe?"

Niliutazama. Mistari ilikuwa imenyoka kama ya daftari, pande zote mbili sawasawa. Nikausugua, nikaunusa. Kafuri. Nilijua mara moja, kwa yakini, na nilipoinua macho niliuona uso wa mzee. Ulikuwa na hofu, lakini chini ya hofu palikuwa na fahari, na fahari ile ilikuwa yaniomba niseme ndiyo. Nikamwambia, "Mzee, huu ni wembe wa fahari, wala hapana mtu atakayekuudhi kwa ajili yake."

Pima maneno hayo, msomaji. Hapana hata moja lililo uongo. Wembe ulikuwa wa fahari. Hapana askari ambaye angemshitaki mtu kwa kumiliki seluloidi. Mzee alifurahi, akanishika mkono, nami nikarudi nyumbani nikijisifu kwa adabu yangu. Nilijiambia kwamba nimemhifadhia mzee heshima ya baba yake, tena pasipo kusema uongo. Nilichokifanya ndicho kile kitu cha unga na gundi: niliokota vipande vya kweli, nikavikandamiza katika kalibu ya uongo, nikampa.

Waweza kunijibu kwamba si kila kweli yapasa kusemwa, na kwamba mtu mwema huwahurumia wazee. Nakubali. Kama mzee asingeniuliza, na kama nisingekuwa na sababu ya kusema, ningeweza kunyamaza nisiwe na kosa. Mgeni haingii nyumba ya watu akachungua mipini yao. Walakini yeye aliniuliza. Mtu akuulizapo jambo ambalo lake yeye ni kuamua na lako wewe ni kujua tu, ukimnyima jibu umemnyima na maamuzi yake. Nilimfanya mtoto. Nilichagua kwa niaba yake kati ya fahari yake na salama yake, na sikumwambia kwamba nimechagua. Huruma yangu ilikuwa nusu yake woga: niliogopa kuutazama uso ule ukibadilika, nikauita woga huo adabu.

Na mambo yaliyofuata sikuyatazamia, ingawa nalikuwa na elimu ya kuyatazamia. Mzee alifahamu maneno yangu kama yalivyofahamika: kwamba mpini ni wa pembe kweli, lakini akikaa kimya hataudhiwa. Akautia wembe katika mkebe wa biskuti, akauziba kwa utepe wa gundi pande zote, akauficha chini ya kitanda, katika joto la pwani. Sasa, seluloidi ikizeeka huirudisha tindikali iliyotengenezewa. Hutoa mvuke mkali, kidogo kidogo. Penye hewa mvuke huo huenda zake. Penye kufungwa hukaa, ukala chuma na shaba, kisha ukaurudia mpini wenyewe ukauoza upesi zaidi. Kwa sababu hiyo watunzao nyembe za namna ile hawazifungii, na mpini ukianza kunuka huutenga na chuma. Hayo nilikwisha kuyasoma kabla ya siku ile. Nilikuwa na kweli iliyoweza kuuokoa wembe, na niliiweka mfukoni pamoja na kioo changu.

Baada ya miaka miwili mjukuu wake alioa. Mzee alinialika, akaniambia kwamba bwana arusi atanyolewa kwa mkono wake mwenyewe, kwa wembe wa baba yake, kama baba yake alivyomnyoa yeye. Nilifika asubuhi. Mkebe uliletwa, mjukuu akakata utepe. Harufu iliyotoka ilituchoma pua sote, akina mama wakafunika nyuso zao kwa leso. Mpini ulikuwa umepasukapasuka vipande vidogo vya pembe nne, kama udongo wa kidimbwi kilichokauka. Misumari midogo ya shaba ilikuwa ya kijani. Chuma, mahali palipolala kati ya vibao, kilikuwa chekundu na kimeliwa mashimo, na makali yalikuwa yamekwisha.

Mzee aliushika kwa ncha za vidole. "Mwalimu," aliuliza, "pembe hula chuma?"

"Si pembe, mzee," nilisema. "Ni seluloidi."

Aliugeuza mara moja, mara ya pili. Akaunusa, akaitambua harufu ya chini, ile ya kafuri, maana amewaosha wengi. "Ulijua tangu lini?"

"Tangu siku uliponiuliza."

Hakunigombeza, laiti angalinigombeza! Alisema kwa sauti ya chini, kana kwamba ahesabu, "Baba yangu alidanganywa na baharia, na baharia huenda naye alidanganywa. Mimi ungaliniambia, ningaliuvua mpini, nikautia wa mti. Chuma hiki kilikuwa kizuri." Kisha akamwambia mjukuu autoe nje, auweke juu ya ukuta penye upepo, mbali na jiko, akatuma mtoto dukani. Bwana arusi alinyolewa kwa wembe mpya wa karatasi, na mzee alimnyoa vizuri sana.